Kifusi cha Bafu la Mama Ritha

Mama Ritha alinieleza kazi yake akiwa mlangoni mwa bafu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umemshika binti yake begani. Alitaka ukingo wa saruji uondoke. Mafundi waliotangulia walikuwa wamejenga mahali pa kuogea kama josho la mbuzi: ukingo unaofika nusu ya goti umezunguka pande zote, na ndani sakafu imelala bapa, maji hayajui yaende wapi. Ritha, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa ameshajikwaa kwenye ukingo huo mara tatu. Mara ya mwisho alipasuka mdomo.

"Nataka aingie bila kuinua mguu, fundi," alisema. "Miguu yake haina nguvu siku hizi. Tumetibu malaria, tumetibu taifodi, tumeombewa Katoro nzima. Basi angalau aoge bila kuanguka."

Nikamwambia hilo halinishindi. Mimi ni fundi wa tailizi, jina langu Maduhu, kwetu Kishapu. Ufundi niliupata Mwadui, kwa mzee mmoja aliyekuwa akikarabati mabafu ya nyumba za zamani, mtu mkali aliyeweza kukuvunjisha kazi ya siku tatu kwa sababu ya tailizi moja iliyokaa upande. Kabla ya hapo nilichezea miaka kumi na moja ya ujana wangu kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu huku Geita, mimi na kaka yangu Abel. Nilitoka na kikohozi na suruali mbili. Abel alitoka na mabaya zaidi, nitayasema.

Sakafu ya kuogea haina mzaha. Chujio likae katikati, na sakafu iteremke kulielekea kutoka pembe zote nne, kila mita sentimita mbili. Pungufu ya hapo maji yanalala, zaidi ya hapo mtu anateleza. Chini ya tailizi kuna zege, juu ya zege kuna dawa ya kuzuia maji, inapakwa mara mbili na kupandishwa ukutani hadi kiunoni. Halafu unaziba chujio, unajaza maji na kusubiri siku nzima uone kama yanapungua. Mafundi wengi hapa mjini wanairuka hatua hiyo. Mimi siiruki, na ninajivunia hivyo, ingawa baada ya mambo nitakayoeleza sina haki kubwa ya kujivunia kitu.

Baba Ritha alifika tukiwa bado tunapima. Anaitwa Donatus, mnunuzi wa dhahabu, mtu mpole mwenye viatu visivyojua vumbi. Alinisalimia vizuri, akaulizia mwinamo, akakubali kila kitu alichotaka mkewe. Kisha akaongeza lake moja. Chini ya dirisha, usawa wa kifua, nimjengee kishubaka ukutani, kina chake urefu wa mkono, na ndani nipange matofali ya kuchoma badala ya tailizi.

"Cha kuwekea sabuni," alisema.

Sabuni gani inayotaka tofali la kuchoma? Nilijiuliza kimoyomoyo, nikaandika kipimo. Mteja akitaka banda la kuku bafuni, fundi anauliza tu la kuku wangapi.

Siku ya pili nilivunja. Ukingo ule ulikuwa mgumu, nyundo na tindo vilinitoa jasho mpaka saa nne. Nilipofika kwenye chujio na kuling'oa, chini yake nilikuta tope jeusi limeganda kwenye shingo ya bomba. Nikalichota kwa mwiko, nikalimwaga sakafuni. Tope likapasuka, na ndani yake vikatoka vitone vyeupe vinavyong'aa, vikaanza kukimbizana kwenye zege, vinaungana na kuachana.

Zebaki. Mtu aliyeishi mwaloni, kule wanakosafishia mchanga wa dhahabu, haulizi mara mbili. Nilikaa juu ya ndoo yangu nikaviangalia. Kumbe bwana mpole alikuwa anafanyia kazi yake humu. Anaosha mchanga wake hapa, anaikamata dhahabu kwa zebaki, kisha anachoma ile zebaki ipotee hewani na dhahabu ibaki. Wanunuzi wengi wanafanya hivyo kwa kuwaogopa wezi, na bafu ndicho chumba chenye kufuli na dirisha dogo. Sasa nikaelewa na ile sabuni ya kwenye matofali.

Nikiwa bado nimekaa, Ritha akaniletea chai. Nilimsikia kabla sijamwona, maana kikombe kilikuwa kinagonga kisahani njia nzima. Alikuja anaburuta mguu mmoja, ameuma ulimi kwa kukazana. Alipoinama kuiweka chini, nusu ya chai ilikuwa imeshahamia kwenye kisahani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, Ritha. Ahsante, mama."

Niliitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka kama ya ajuza, na ncha za vidole zilikuwa nyekundu, zinachunika ngozi. Mikono hiyo nilikuwa ninaijua.

Abel alikuwa mchomaji wetu. Kila timu ina mtu wake, na yeye alikuwa na jicho zuri, alijua wakati wa kuzima moto. Alichoma miaka tisa, katika kibanda cha mabati, uso juu ya moshi. Ilianza na vidole. Kisha akawa mkali bila sababu, akasahau majina, akashindwa kufunga vifungo vya shati. Tulimpeleka kwa waganga watatu kabla ya kumfikisha hospitali, na hapo muuguzi mmoja mwanamke alimwangalia mara moja tu, akaniuliza, "Mnachomea wapi?" Ndiye aliyenieleza kwamba ule moshi hauishi harufu inapoisha. Unakaa ukutani na sakafuni, na kila chumba kikipata joto unaamka tena. Leo Abel yuko Kishapu, ana miaka arobaini na mbili, na mama yetu anamlisha uji kwa kijiko.

Kwa hiyo nilijua. Dakika ile ile, chai ikiwa bado ya moto, nilijua kinachomla yule mtoto, nilijua kinatoka wapi, na nilijua kwamba baba yake ameniagiza nimjengee pa kuendelea kukitengenezea.

Ningependa kusema kwamba jambo la kwanza kunijia kichwani lilikuwa ni mtoto. Nitakuwa ninadanganya. Jambo la kwanza lilikuwa kwamba palipo na zebaki ya miaka pana dhahabu ya miaka. Mtu hawezi kuosha na kuchoma mahali pamoja muda wote huo bila kumwaga. Ilikuwa kwenye tope, kwenye nyufa, kwenye udongo chini ya zege lile bovu. Nilikuwa nimechimba miaka kumi na moja kwenda chini futi mia mbili bila kuona kitu, na sasa nilikuwa nimeikalia.

Tamaa ikanishika shingoni. Nikatoka uani, nikamkuta Mama Ritha anaanua nguo.

"Mama Ritha, hiki kifusi mtakiweka wapi?"

"Yaani hata sijui, fundi. Kitanichafulia uwanja."

Huku kwetu kifusi ni mzigo wa mwenye nyumba. Fundi akikiondoa anaomba chochote cha usafiri, na mwenye nyumba analalamika. Mimi nikasema nitakiondoa bure, kuna mtu ana shimo la kufukia.

"Mungu akubariki, fundi," alisema. "Siku hizi watu wenye roho kama yako wameisha."

Nikajitia kuinama kufunga kamba ya kiatu.

Nilichimba zaidi ya kazi ilivyotaka. Nilishuka futi nzima chini ya sakafu ya zamani, nikakwangua mpaka udongo ukabadilika rangi. Mama Ritha alipita akanisifu kwamba ninachimba msingi wa ghorofa. Viroba vilifika kumi na moja. Nilikodi guta, nikavipeleka mwalo ulio mbali na mji, kwa jamaa yangu wa zamani mwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, tukavisaga na kuviosha. Ilipofika hatua ya kuchoma, nilimwachia yeye, mimi nikasimama upande upepo unakotoka. Tena mbali. Nilikuwa mwangalifu sana na mapafu yangu siku hiyo.

Ilipatikana gramu sita na pointi kidogo. Niliuza huko huko, nikanunua mashine mpya ya kukatia tailizi. Ndiyo hiyo hiyo niliyoitumia kumalizia bafu lao.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa sababu ndicho kinachoninyima raha mpaka leo. Bafu lilikuwa limefungwa. Donatus akahamishia uchomaji wake dukani. Ritha akawa anaogea uani, kwenye beseni, nyuma ya kanga iliyotundikwa kwenye kamba. Mimi nikaendelea na kazi. Nilishindilia mawe, nikamwaga zege jipya, nikavuta mwinamo kwa ubao na pima maji. Zege lilipokauka nilipaka dawa, nikasubiri, nikapaka tena. Wiki ya kwanza ikaisha, na chai ikaendelea kuja imejaa kisahani.

Wiki ya pili katikati, chai ilikuja na kikombe kinagonga kidogo tu. Nikadhani ni bahati. Kesho yake ikaja vivyo hivyo. Wiki ya tatu ilipoanza, Ritha aliingia amenyooka, mguu hauburuzi, akaniwekea kikombe sakafuni bila kumwaga hata tone. Akakaa kwenye mfuko wa saruji, akaanza kupanga vipande vya tailizi nilivyokata, vyeupe huku na vya bluu huku, kwa vidole vilivyotulia.

"Fundi, nikikua nitaweka tailizi."

"Hutaki kuwa daktari?"

"Daktari haniponyi. Wewe unatengeneza mpaka maji yanakwenda unakotaka."

Mama yake alikuwa amesimama nyuma yetu, machozi yanamlengalenga. "Unaona, fundi? Maombi yamejibiwa," alisema. Nikaitikia amina. Nilikuwa ninaona kwa macho yangu dawa ya mtoto yule, na dawa yenyewe ilikuwa kwamba kazi yangu haijaisha.

Basi nikaanza kuchelewesha. Nilijaza maji ya kupimia, nikaweka alama ya penseli ukutani, nikasubiri siku moja kama kawaida. Hayakupungua hata unywele. Nikayamwaga, nikajaza upya, nikasema sijaridhika. Nikasema boksi moja la tailizi lina rangi tofauti, lirudishwe. Nikasema saruji ya msimu huu inakauka polepole. Kila siku niliyoiongopea familia ile, mtoto alizidi kupata nguvu, na mimi nikaanza kujiona kama mtu mwema. Mtu akitafuta sababu ya kutosema ukweli hakosi.

Na ukweli ulikuwa mfupi. Msichome tena humu, mtoto anakufa kwa moshi. Lakini nikisema hivyo wataniuliza nimejuaje. Nitasema niliona zebaki. Wataniuliza wapi. Nitasema kwenye kifusi. Na kifusi kiko wapi, fundi? Hapo ndipo ulimi wangu ulipokuwa unakwama kila siku, na mashine mpya iko pembeni inanitazama.

Siku moja nilipiga simu nyumbani.

"Mayu, Abel anaendeleaje?"

"Leo nimemlisha, akanipiga kofi," mama alisema. "Baadaye akalia. Basi ndivyo tulivyo, mwanangu. Utakuja lini?"

Nikasema kazi inakaribia kuisha.

Donatus ndiye aliyenimaliza. Wezi walikuwa wamejaribu kuvunja kufuli la duka lake, na upole ukamtoka. "Fundi, leo wiki ya nne. Jumamosi nataka bafu langu, na kishubaka changu. La sivyo nitatafuta mwingine."

Nikamaliza Ijumaa. Nisikudanganye, ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Hapakuwa na ukingo, toka mlangoni na toka kila pembe palikuwa na mteremko usioonekana kwa macho. Nilimpa Ritha ndoo. Alimwaga maji kwenye pembe ya mbali, yakajikusanya yakaenda kwenye chujio bila kupotea njia. Alimwaga pembe zote nne, anacheka. Kisha akavua ndala akaingia mwenyewe, bila kuinua mguu, bila kushika ukuta. Na juu yake, usawa wa kifua cha mtu mzima, kilikuwepo kishubaka, kisafi, cha matofali, nimekijenga kwa mikono yangu.

Nilipiga moyo konde. Niliwaomba Donatus na mkewe tukae sebuleni, nikawaeleza. Niliwaambia kuhusu Abel, kuhusu muuguzi, kuhusu vidole. Nikasema, mtoto amepata nafuu kwa sababu wiki nne hizi hakuna aliyechoma humu ndani. Nikasema kile kishubaka nitakiziba sasa hivi, bure.

Mama Ritha alikuwa ameshika mdomo. Donatus alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, na nikadhani ameguswa.

"Umejuaje kama ninachomea humu?" aliuliza.

"Niliona zebaki nilipovunja."

"Siku ya kwanza?"

"Ya pili."

"Na kifusi ulikipeleka wapi?"

Niliviangalia viatu vyake visivyojua vumbi.

"Umepata gramu ngapi, fundi?"

Nikasema sita. Donatus akamgeukia mkewe, ametulia kabisa, kama mtu aliyekuwa anadaiwa na sasa anadai.

"Umemwona, Mama Ritha? Mwizi. Ameiba humu ndani mwangu, sasa anatunga hadithi ya kututisha ili nisimfanye kitu. Mimi nimechoma tangu kabla hatujaoana. Naumwa nini? Huyu mtoto amepona kwa maombi, wewe mwenyewe unajua." Akanyanyuka. "Toka, kabla sijaita vijana."

Nilimtazama Mama Ritha. Nilitegemea aseme neno.

"Mimi nilikuombea baraka," alisema taratibu. "Kwa ajili ya kile kifusi."

Nikatoka. Ningeweza kwenda serikali ya mtaa, ningeweza kwenda hospitali nikamtafuta muuguzi yeyote anisaidie kusema. Lakini popote ambapo ningekwenda, swali la tatu lingekuwa lile lile la kifusi. Nikapanda basi kwenda Shinyanga, nikapata kazi ya hoteli, vyumba ishirini, nikajikausha.

Simu ya Mama Ritha ilikuja miezi mitatu baadaye. Hakunisalimu.

"Fundi, Baba Ritha yuko Mwanza mpaka keshokutwa. Njoo na nyundo."

Nilifika asubuhi. Ritha alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango wa bafu, amefungwa kanga kiunoni ili asiporomoke. Mikono yake ilikuwa inarukaruka mapajani bila yeye kuitaka. Aliniangalia muda mrefu.

"Shi-ka-moo," alisema. Neno fundi halikutoka, alilitafuta akaliacha.

Mama Ritha alisema walikwenda tena hospitali jana. Daktari alimpima magoti, akaangalia vidole, akamuuliza mama, mnachomea wapi. Aliposikia swali hilo alikaa chini pale pale kwenye korido. Daktari alisema wataanza dawa, lakini hakuahidi kwamba miguu itarudi.

Niliingia bafuni. Sakafu yangu ilikuwa kavu, safi, haijapasuka popote. Kishubaka kilikuwa cheusi tii, na moshi umepanda ukutani mpaka dirishani. Nikashika nyundo, nikageuka.

"Mama, mtoto asikae karibu na vumbi hili. Mtoe kwanza nje."

"Leo ndiyo unamhurumia," alisema. Lakini alimbeba akampeleka uani, akarudi amejifunga kitambaa puani.

Nilivunja kishubaka chote, nikang'oa matofali na plasta iliyoshika moshi. Haikuchukua hata saa moja. Nilipoinama kukusanya vipande, akaweka mguu wake juu ya kiroba.

"Kifusi usikiguse."

Alikijaza mwenyewe, kwa mikono, akafunga kamba. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mahali nilipokaa mimi siku ile, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Wiki zile alianza kushika kikombe," alisema. "Alikuwa analeta chai haimwagiki. Mimi nilifikiri naota. Wewe uliona?"

"Niliona, mama."

"Uliona," akarudia. Akainuka akaenda uani kwa mtoto wake, na mimi nikabaki nimesimama na nyundo juu ya sakafu ile nzuri.